Yanayotokea ndani ya uvimbe mtoto hayarithi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa sekondari na sijawahi kukuandikia. Ile habari ya Jumapili iliyopita, ya "jeni ya saratani ya kongosho", imenifanya nishike kalamu.

Saa tatu asubuhi wifi yangu alinipigia simu akiwa na gazeti mkononi. Kaka yake, mume wangu, tulimzika mwaka juzi kwa maradhi hayo hayo. "Wifi, kumbe ni jeni! Na hawa watoto je?" Simu ilikuwa kwenye spika. Kijana wangu wa miaka 19 alikuwa anakunywa chai. Akarudisha kipande cha muhogo kwenye sahani, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo kila asubuhi namkuta mbele ya kioo, anavuta kope chini kuangalia kama macho yamekuwa manjano.

Mimi nafundisha baiolojia, mhariri, na habari ile niliisoma mara tatu. Jeni ya GATA6 mnayoitaja kila mtu anayo, wewe na mimi. Kazi yake ni kuziamrisha jeni nyingine ili seli ya kongosho ibaki kuwa seli ya kongosho. Katika baadhi ya uvimbe hunyamazishwa, na jeni nyingine, p63, ambayo kawaida yake ni kufanya kazi kwenye ngozi, huwashwa mahali pasipo pake. Seli inasahau asili yake, inashika tabia za seli za ngozi, na saratani ya namna hiyo ndiyo kali zaidi, mara nyingi haisikii dawa. Lakini yote hayo hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, mtu akiwa mtu mzima! Baba hampi mwanawe. Hata hitilafu ya jeni ya KRAS, inayokutwa kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, mtu hazaliwi nayo. Wapo wanaorithi hatari, kwa mfano kupitia hitilafu ya jeni ya BRCA2, nao ni takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na ninyi mmezichanganya.

Nafasi mliyokuwa nayo ingetosha kueleza dalili. Mume wangu alimeza vidonge vya vidonda vya tumbo miezi 7, na hakuna daktari aliyejiuliza kwa nini mtu mwembamba wa miaka 51 amepata sukari ghafla huku maumivu yakitokea mgongoni. Alipigwa ultrasaundi siku mkojo ulipokuwa kama chai ya rangi. Saratani ilishafika kwenye ini.

Naomba Jumapili hii, ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, mwandike kwamba mabadiliko mliyoyataja hayarithiwi. Na kila habari ya utafiti wa saratani iwekewe kisanduku chini: walijaribu kwenye seli za maabara, kwenye panya, au kwa watu? Kama ni watu, wangapi?

Hayo masahihisho nitayakata, niyabandike kwenye kioo cha kijana wangu.

Mwalimu wa baiolojia,
Tanga