Mwache Asome, Somo Yangu

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi huku hatujambo, vumbi tu ndilo linalotusumbua. Nguo ukizianika asubuhi, jioni unazianua nyekundu. Watoto wanakuamkia. Mdogo bado anawasimulia wenzake yule sato aliyemla kwako Mwanza, na kila akisimulia samaki anazidi kurefuka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ulikuwa unanong'ona, nikajua umejifungia jikoni mtoto asisikie. Nilitaka kukupigia palepale, nikasita. Jambo lenyewe ni refu, na mimi na wewe kwenye simu siku hizi tunaishia kulia tu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unasema tangu arobaini ya baba yake ipite, binti haongei. Anatoka shule, anadonoa chakula, anaingia chumbani na kitabu. Siku moja hayupo ukakifungua, ukakuta vijana wanapigana visu, mmoja anafia hospitalini, mwingine anapigwa risasi na polisi. Ukakificha juu ya kabati. Halafu ukaniuliza: mtoto aliyefiwa anatafuta nini kwenye vitabu vya misiba?

Somo, mrudishie kitabu chake. Mrudishie leo, hata kabla hujamaliza kuisoma barua hii.

Kitabu hicho nakijua. Ni The Outsiders, kilitoka Marekani mwaka 1967, na aliyekiandika, S. E. Hinton, alikuwa binti wa sekondari katika mji wa Tulsa, Oklahoma. Alianza kukiandika akiwa na miaka 15, kikachapishwa akiwa na miaka 18. Jaladani waliweka herufi za mwanzo tu za majina yake, kwa hofu kwamba wahakiki wakijua ni msichana watakidharau kitabu cha wavulana wa mitaani. Na lipo jambo jingine, nililijua baada ya kukisoma mara ya pili. Wakati anakiandika, baba yake alikuwa mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, na akafariki binti akiwa bado shuleni. Kwa hiyo kile ulichokipandisha juu ya kabati kimeandikwa na mtoto wa rika la binti yako, mwenye msiba kama wa binti yako.

Ngoja nikueleze kilichomo, maana wewe ulifungua kurasa za visu peke yake.

Ponyboy ana miaka 14. Wazazi wake wamekufa pamoja kwa ajali ya gari, miezi minane kabla hadithi haijaanza. Wamebaki ndugu watatu, na mkubwa wao, Darry, ana miaka 20 tu. Darry alikuwa na akili ya kwenda chuo, lakini sasa anaezeka mapaa ya nyumba za watu ili wadogo zake wasije wakachukuliwa na kupelekwa kwenye makao ya watoto. Jioni anarudi hoi, na anafoka. Ulikuwa wapi, mbona umechelewa, kwa nini umetoka bila koti, kichwa chako unakitumia kweli? Mdogo wake anasikia kufoka tu. Anaamini kabisa kwamba kaka yake hampendi, kwamba anakaa naye kwa kuwa hana pa kumpeleka. Usiku mmoja Darry anampiga, mtoto anakimbia nyumbani.

Wanapokutana tena ni hospitalini, siku kadhaa baadaye. Darry amesimama, machozi yanamtoka, naye hakulia hata wazazi wao walipokufa. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kwamba kufoka kote kule kulikuwa ni hofu. Darry ameshapoteza wawili, anaogopa kupoteza na mwingine. Ni mwisho wa sura ya sita. Sura hiyo uisome mwenyewe, usiku akishalala. Tangu shemeji atutoke umekuwa ukimfokea mtoto kwa kandambili alizoziacha nje, kwa kikombe hakukiosha, kwa kuchelewa dakika kumi. Uliniambia mwenyewe, na ulikuwa unalia ulipokuwa ukiniambia. Sikulaumu hata kidogo. Nataka ujue tu kwamba mle chumbani binti yako anamsoma mtu anayefanana na wewe.

Halafu yupo Johnny, miaka 16. Kwao anapigwa, na nyumba yake hasa ni wale wenzake wa mtaani. Balaa kubwa linapowakimbiza mjini yeye na Ponyboy, wanajificha kwenye kanisa kuukuu mlimani. Johnny anashuka dukani na zile fedha chache walizonazo, anarudi na mikate, soseji, na kitabu kinene. Wanatafutwa na polisi, hawana pa kulala ila sakafu, naye ananunua kitabu! Amekumbuka kwamba mwenzake aliwahi kukitamani. Siku zinazofuata wanakaa wanasomeana. Johnny shuleni walimwona mzito, kumbe kwenye kusoma kule yeye ndiye anayeona mambo ambayo Ponyboy ameyapita bila kuyaona. Hapo mimi hupunguza mwendo kila mara. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba anampenda. Mkate umekatwa, ukurasa umefunuliwa, basi.

Johnny anakufa, sikufichi. Na Ponyboy anafanya kama binti yako: anakataa kuamini, hali, alama zinaporomoka, haongei na mtu. Mwalimu anamwambia akiandika insha nzuri atafaulu somo lake. Anakaa siku nyingi hana la kuandika. Mpaka ndani ya kile kitabu kinene inadondoka barua ya Johnny, aliyoiandika akiwa kitandani hospitalini. Akishaisoma anachukua kalamu, na sentensi anayoianzia insha ndiyo ileile iliyofungua riwaya. Kwa hiyo, somo, tafadhali pawe na daftari tupu mle ndani ya nyumba. Usimpe mkononi, usimwambie aandike. Liache mezani.

Mimi na wewe tulivisoma vitabu vya namna hii kwa njia nyingine kabisa. Tulikariri. Dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe, "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma". Lakini kuna siku moja ambayo naamini hujaisahau.

Kidato cha tatu. Ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka na mimi nilikuwa nimelipa 20,000 tu. Kwenye paredi ya Jumatatu yakasomwa majina, langu likiwemo, tukaambiwa tufungashe. Nilikaa nyumbani wiki tatu nikimsaidia mama kuuza maandazi, na kila gari la Tanga lililopita barabarani nililisindikiza kwa macho. Niliporudi na risiti ya benki, darasa lilikuwa limefika kwenye Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, palepale Peter na Zita wanaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Bahati gani ile! Darasa zima linajua nimetoka wapi. Mwalimu, sidhani kama alikusudia ubaya, akaita jina langu nisimame nieleze dhamira ya sehemu ile. Jibu nilikuwa nalo. Sauti ndiyo haikuwepo.

Ukasimama wewe. Jina letu moja, ukaitikia kama umeitwa wewe. Mwalimu akasema si wewe, mwenzako, nawe ukaendelea kujibu umaskini, malezi, nafasi ya elimu, hadi mwisho, ukakaa. Ukapigishwa magoti mbele ya ubao mpaka kengele ikalia. Mimi niliangalia nyayo zako muda wote ule, soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kisiginoni.

Na jioni ile bwenini ukafungua tranka lako ukanipa daftari la kemia. Wiki tatu zote ulikuwa unaandika mara mbili, lako na langu, wakati taa za prepo zilikuwa zinazimwa saa nne. Nilikuja kugundua baadaye kwamba pembeni, kwa penseli, ulikuwa unaniandikia habari za kila siku kwa Kiswahili. Maharage leo yana wadudu. Matroni amenyoa nywele. Kitanda chako nimekitandika ili wasikigawe. Hiyo ya kitanda niliisoma nikatoka nje.

Ndiyo maana nikisoma riwaya za vijana wenye shida natafuta kitu kimoja: rafiki amefanya nini kwa mikono yake? Nimekutana na vitabu ambavyo rafiki anaingia ukurasa wa hamsini, na shida zote zinaisha ukurasa wa sitini. Wanafunzi wangu wanavirudisha bila neno. Mtoto ambaye jana hakula anajua kwamba rafiki hakumletea ada wala hakumfufua baba yake. Alimtandikia kitanda.

Takadini ya Ben Hanson nimeisomesha miaka mingi, na hiyo imo kwenye kifurushi ninachokutumia, kwa Kiswahili, ili apumzike kidogo na Kiingereza. Unaijua: Sekai amekaa miaka bila mtoto, anapojaliwa anajifungua mtoto mwenye ualbino, na kwa mila za kwao Zimbabwe mtoto yule hakutakiwa kuishi. Anambeba mgongoni na kutoroka. Tulipoisoma sisi, ilikuwa hadithi ya mbali. Halafu ikaja miaka ile ya 2007 na 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yakashika kasi huko huko Kanda ya Ziwa unakoishi, na nilipoanza kuifundisha nikaona darasa linakaa kimya kwa namna ambayo sisi hatukukaa. Watoto wengi wananiambia wanampenda Sekai. Mimi nampenda mzee Chivero, aliyewapokea na kumfundisha kijana kupiga mbira wakati wenzake wanamkwepa. Hapa Wagogo wana ilimba, ndugu yake mbira ile, vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba. Yupo mzee hupiga karibu na soko, na kila nikipita nasimama, hata kama mkoba una samaki.

Kipo kimoja sikukituma, na nakuomba ukisikia akikitaja usimkataze, mwambie tu asubiri mwakani akisome pamoja na wewe. Kinaitwa Chanda's Secrets, cha Allan Stratton wa Kanada, kilitoka 2004. Chanda ana miaka 16 na kitabu kinaanza yuko kwenye ofisi ya huduma za mazishi, anatafuta jeneza la mdogo wake wa kike. UKIMWI umejaa mtaani lakini hakuna anayeutaja kwa jina. Rafiki yake, Esther, amefiwa na wazazi wote na anajiuza kwa wanaume ili aweze kuishi. Majirani wanataka Chanda amwepuke, naye anamchukua na kumwingiza nyumbani kwao. Ni kitabu cha kweli sana. Lakini kule kuchagua jeneza, somo, bado ni mapema. Wewe ndiye uliyekwenda kuchagua, na yeye alikuwa amekaa kwenye gari anakuangalia.

Sikwambii kwamba akimaliza vitabu hivi ataanza kucheka. Sijui atachukua muda gani, na wewe usiuhesabu. Ila ukimwona amekaa na kitabu usimwulize kinahusu nini, wala usimwulize mbona analia. Kaa naye chumba kimoja na wewe ukisoma chako, au ukichambua mchele wako. Na kama shuleni kuna mwenzake anayemtembelea, hata yule uliyesema haamkii vizuri, mpe chai.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la alfajiri, kimefungwa kwa kanga yangu ya zamani, ile uliyoninunulia siku ya mahafali. Kitafika usiku, kwa hiyo kakichukue kesho yake asubuhi, nenda na kitambulisho. Jina la mpokeaji nimeandika letu, wakashangaa kwamba anayetuma na anayepokea ni mtu mmoja.

Ndani mna Takadini, mna Watoto wa Mama Ntilie, na chini kabisa mna daftari la kemia. Nimelitunza miaka yote hii, sasa nimeliazima kwa binti yako. Hajawahi kukujua ukiwa na umri wake. Usilifungue wewe kwanza. Mpe kifurushi kikiwa na fundo lake, alifungue mwenyewe, na akikuuliza matroni alikuwa nani, mwambie.

Wako,
Somo yako