Njoo na karatasi zote

Busia, Uganda, Jumapili usiku

Mwanangu,

Sisi huku wazima, mvua inanyesha vizuri na wadogo zako wanakusalimu. Nimewasha taa ya sola nikuandikie kwa kalamu, kwa sababu haya si mambo ya kuzungumza kwenye simu huku salio linakatika.

Ijumaa nilikuwa sokoni nampimia mteja maharagwe, simu ikalia namba nisiyoijua. Mwanamume akauliza kama mimi ni mama yako. Nilijua umepata ajali. Mkono ulilegea, debe likainama, maharagwe yakamwagika chini. Kisha akasema unadaiwa shilingi 300,000, muda umepita, na usipolipa kabla ya jioni atawapigia watu wote waliomo kwenye simu yako mpaka wakuu wako wa kazi, na kesho utalala jela. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu pale pale. Deni si maiti, mama. Deni linazungumzika.

Nikakupigia hukushika. Siku mbili hukushika. Jana usiku ndipo ukanitumia ule ujumbe mrefu, na chini yake ukaandika: "Mama nisamehe, nishauri nifanye nini." Nimeusoma mara nne. Sina hasira hata kidogo, na nataka ujue sababu yake kabla sijaingia kwenye hesabu.

Unakumbuka ule upande wa kiwanja chetu wenye miembe? Niliwaambia nimeuuza kwa ajili ya matibabu ya bibi yenu. Sikuwaambia kweli. Bibi yenu alitibiwa kwa pesa za mjomba wako. Miembe ilikwenda kwa deni langu.

Machi 2020 nilikopa shilingi 2,000,000 kwa mkopeshaji mmoja wa hapa mjini ili ninunue maharagwe niyavushe kwa wateja wangu wa upande wa Kenya. Nilijua ni riba. Nikajiambia ni wiki tatu tu, nauza, narudisha, natubu. Mwezi huohuo mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yalipita, lakini sisi tunaovusha kwa baiskeli na mabega tukabaki upande wetu. Magunia yakalala katika chumba chenu. Kufikia Julai, ukiweka kiganja juu ya gunia unasikia joto, na ukilifungua fukusi wanakupandia vidoleni.

Nikajificha. Nilizima simu. Nilipoisikia pikipiki yake nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kukaa kwa jirani mpaka aondoke. Miezi minane hivyo, riba ikizaa riba, na mjomba wako yuko Tororo, safari ya chini ya saa moja, hajui lolote kwa sababu niliona aibu. Alipochoka kunitafuta, yule bwana alikuja na mwenyekiti wa kijiji (LC1), akatoa karatasi niliyotia sahihi siku ya kukopa. Ilikuwa ya Kiingereza na sikusomewa. Haikusema nimekopa. Ilisema nimemuuzia kiwanja, futi 50 kwa 100, na nyumba iliyomo ndani.

Ilibidi mjomba wako aje, mwenyekiti naye akasimama upande wangu, tukakaa chini ya miembe hiyohiyo tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwisho yule mkopeshaji akakubali kuchukua nusu ya kiwanja. Nilipomweleza mjomba wako yote, aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuja Aprili?" Aprili deni lilikuwa bado dogo na magunia yalikuwa mazima. Wazee husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, nikapoteza ardhi ya watoto wangu. Wewe umeniambia. Umechelewa kidogo, lakini umeniambia, na hapo umenishinda mbali.

Sasa hesabu. Nimenakili madeni yako yote nyuma ya daftari langu la maharagwe, moja moja kama ulivyoyataja. Bibi yako alikuwa akitukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Nikiwa msichana sikuelewa kwa nini jambo la daftari lipewe nafasi kubwa hivyo. Leo naelewa. Kichwani mwako madeni haya yalikuwa hayana idadi. Kwenye karatasi ni sita: mkopeshaji wa Kireka (pembeni mwa Kampala) 1,000,000, kikundi cha kazini 400,000, ile programu ya kukopesha kwenye simu iliyonipigia 300,000, muuguzi mwenzako 200,000, mkopo wa laini ya simu 180,000, na duka la chini ya nyumba 85,000. Jumla ni 2,165,000. Mshahara wako ni 650,000. Ni mzigo, lakini si mlima usio na njia.

La mkopeshaji ndilo lililoninyima usingizi. Unamlipa asilimia 15 kila mwezi, shilingi 150,000, na umelipa miezi 7. Piga hesabu: umeshampa 1,050,000, na bado unadaiwa milioni ileile, haijapungua hata shilingi. Pesa zako zote zimekwenda kwenye riba. Hapo ndipo unapovujia damu. Nawe kwa kumwogopa yeye ndiye unayemlipa kwanza, kisha unakopa kwenye simu ili ule, na simu ikidai unakopa kwa mwenzako.

Mwaka jana mwanasheria mmoja alikuja kuzungumza na kikundi chetu cha akina mama, na nilimsikiliza kuliko wote kwa sababu ya yaliyonipata. Alisema mwaka 2024 waziri wa fedha alitangaza kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa namna hii: asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Usiku huu nimekaa nikahesabu, mama. Kwa kiwango hicho, hizo 150,000 zako za kila mwezi zingekuwa zimelila deni lenyewe, na baada ya miezi hiyo hiyo 7 ungekuwa umebakiza kama 71,000. Sabini na moja elfu! Niliihesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Na ulisema ana kadi yako ya ATM, namba yako ya siri na kitambulisho chako cha taifa. Sheria ya mwaka 2016 ya wakopeshaji, pamoja na kanuni zake, inawakataza kabisa kushika vitu hivyo kama dhamana. Mshahara wako unaingia, anautoa yeye, anakurudishia kinachobaki. Hivyo sivyo mtu mzima anavyopaswa kuishi. Kesho asubuhi, kabla ya zamu, nenda benki uwaombe waifunge kadi hiyo wakupe nyingine. Usifanye hivyo kimya kimya kama mwizi. Mwandikie ujumbe siku hiyohiyo kwamba deni unalitambua, utalilipa, lakini utalipa kwa mkono wako na kwa risiti, na kwamba unamtaka akuandikie umekopa kiasi gani, umelipa kiasi gani na riba ni ngapi. Akikataa, au akitisha, kuna mamlaka ya serikali ya kusimamia wakopeshaji hao, UMRA, na malalamiko hupelekwa huko. Ukihitaji mtu wa kukusomea mkataba, kliniki ya msaada wa sheria ya Law Development Centre iko hapo hapo Kampala. Mkataba huo usomwe neno kwa neno. Tazama kama umeandikwa mkopo au umeandikwa mauzo.

Kuhusu jela, usikubali mtu akutetemeshe kwa simu. Hakuna anayefungwa kesho kwa deni la leo. Lazima uwepo mlango wa mahakama, kesi isikilizwe, hukumu itolewe. Hata hivyo sitakudanganya: mahakama ikishatoa hukumu, sheria yetu bado inaruhusu mdaiwa wa madai afungwe hadi miezi 6, na akitoka deni linabaki palepale. Kwa hiyo karatasi yoyote yenye muhuri wa mahakama usiifiche chini ya godoro. Ilete siku hiyohiyo.

Ile programu iliyonipigia Ijumaa, ulipoifungua uliipa ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako. Hiyo ndiyo fimbo yao. Kuna sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu, na kuwapigia watu wasiohusika ili kumwaibisha mdaiwa si haki. Lakini fimbo hiyo ina nguvu pale tu unapoogopa watu wasijue. Mimi nimeshajua. Waambie na wale watu wako watatu wanne wa karibu, kwa maneno yako mwenyewe: "Nina deni, nalilipa, mkipigiwa msishtuke." Utaona simu zao zitakavyopungua makali.

Ule wa laini ya simu unaonekana mdogo kwa sababu ada ni asilimia 9 tu kwa siku 30. Kwa 180,000 ni 16,200. Wewe mwenyewe umesema kila mwezi unalipa na kukopa tena saa hiyohiyo. Fanya hivyo mwaka mzima uone: umetoa 194,400 za ada, na 180,000 zenyewe bado unadaiwa. Usikope tena hapo. Mwezi mmoja utabana sana. Utakula ugali na maharagwe, nami nitakutumia maharagwe. Ukisharuka mwezi huo mmoja umetoka.

Watu wengine watakushauri uanze na deni dogo ili upate moyo. Sipingani nao sana, lakini kwako wewe naona uanze na linalokula. Mkopeshaji na programu kwanza. Muuguzi mwenzako hakutozi riba, na duka halikutozi riba. Ila hao ndio usiwakwepe kabisa, kwa sababu hawana mkataba, wana uso wako tu. Nenda kwa muuguzi mwenzako wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Mwambie nitakupa 20,000 kila mwisho wa mwezi mpaka ziishe. Na umpe kweli, hata mwezi ambao utashindwa kununua sabuni. Kwa kikundi simama mbele ya mkutano useme, kabla mweka hazina hajakusema. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye kikundi chenye sanduku la chuma na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na nakuambia ninachokijua: anayesimama mwenyewe huongezewa muda. Anayekosa vikao vitatu hufuatwa nyumbani.

Unataka kujua kama nitakulipia. Nimelifikiria tangu jana. Nusu ya kiwanja iliyobaki sitaiuza wala kuiweka rehani, na usiniombe. Ni ya ninyi wote wanne. Lakini nina 350,000 zangu kwenye sanduku la kikundi, na mgao wetu ni mwezi ujao. Hizo nitakupa, si mkopo, na ziende zote kwa mkopeshaji, zikate kwenye deni lenyewe, na aandike hivyo kwenye risiti. Nitakuja nawe siku hiyo. Mjomba wako pia atakuja. Mkopeshaji anayemwona msichana peke yake hazungumzi kama anavyozungumza na msichana aliyekaa katikati ya mama yake na mjomba wake.

Kuna jambo moja hukuliandika. Umeeleza umekopa kwa nani na kiasi gani, hukueleza kwa nini ile milioni ya kwanza. Nimehesabu miezi nyuma, nikaona ni mwezi uleule uliotutumia pesa za ada ya shule ya mdogo wako na za kuezeka jikoni. Nilifurahi siku ile nikawaonyesha majirani. Kama mabati haya ninayosikia mvua ikiyapiga yametoka kwa mkopeshaji wa Kireka, nahitaji kujua, ili na mimi nibebe sehemu yangu. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi hiyo tuliicheza sote hapa nyumbani. Tangu sasa usitume hata shilingi mpaka daftari hili liishe. Mdogo wako nimeshazungumza na shule yake, watapokea kidogo kidogo, na sehemu nyingine watapokea gunia la mahindi.

Jumamosi huna zamu. Panda gari la asubuhi, nimekuwekea nauli kwenye simu, ile 25,000 uliyoiona ikiingia si ya kulipia deni. Leta mkataba wa mkopeshaji, risiti ulizonazo, na picha za ujumbe wote wa ile programu. Zile karatasi ulizosema umezichana kwa hasira, zilete pia, vipande vyote. Nina gundi.

Mama yako