Malalamiko kuhusu seti ya kumiminia risasi nyumbani na kijitabu chake cha maelekezo

Tanga,
17 Februari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KIJITABU CHA HATARI NA KALIBU YA RISASI ZA BUNDUKI KATIKA SETI YA KUTENGENEZEA CHUBWI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Tanga, na chubwi ni kile kizito tunachokifunga kwenye mshipi ili uzame. Tarehe 11 Januari mwaka huu nilipokea katika stendi ya Kange kifurushi mlichonitumia kwa basi, chenye seti mnayoitangaza kuwa ni ya mtu anayeanza kumimina madini ya risasi nyumbani: tanuri dogo la umeme linalobeba kilo 4 na nusu, upawa wa chuma, kalibu 2 za aluminiamu, yaani vyombo vya umbo ambamo madini yaliyoyeyuka humiminwa yagande, na kijitabu cha Kiswahili chenye kurasa 16. Nililipa shilingi 385,000, na nakala ya stakabadhi nimeiambatisha. Naandika kwa sababu kwa kufuata kijitabu hicho mpwa wangu ameungua, kilo 4 za risasi zimeharibika, na nina hakika kwamba kikiendelea kutoka katika ghala lenu kitamuumiza mtu mwingine vibaya zaidi.

Nieleze kwanza kwa nini niliinunua, ili msidhani kwamba mnaandikiwa na mtu aliyekuwa anachezea moto. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo wa huku kwetu una nguvu, na chubwi nyepesi haifiki chini, inapeperushwa na maji mpaka mshipi unalala. Wengi wetu tunafunga plagi kuukuu za injini, vipande vya nondo au mawe, lakini hakuna kinachoshinda risasi, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3 na ya chuma haifiki gramu 8. Chubwi ya risasi huwa ndogo, huzama haraka na haishikwi sana na mkondo. Shida ni kwamba miamba inazimeza. Katika wiki moja ya bamvua naweza kupoteza chubwi 10, na kuzinunua kila mara ni hasara. Kilo 1 ya risasi inatoa karibu chubwi 9 za gramu 113, kwa hiyo niliona kuwa seti yenu ingejilipa yenyewe kabla ya upepo wa kusi kuanza. Mpaka leo naamini kwamba kazi yenyewe ni nzuri na mtu makini anaweza kuifanya.

Nilipokisoma kijitabu kwa mara ya pili ndipo nilipogundua kwamba hakikuandikwa kwa ajili ya mvuvi. Ni maelekezo ya watu wa Marekani wanaomimina risasi za bunduki majumbani mwao, jambo ambalo kwao ni la kawaida na lina vifaa na desturi zake, nayo yametafsiriwa Kiswahili bila ya kupitiwa na mtu anayejua kazi yoyote kati ya hizo mbili. Lugha yetu ina neno moja kwa madini na kwa kile kinachotoka katika mtutu, na aliyetafsiri ameyachanganya yote: ukurasa wa 4 unasema "yeyusha risasi mpaka risasi iwe tayari", na ukurasa wa 9 unamtaka msomaji apime risasi yake kama inaingia katika mtutu. Hayo peke yake ningeyavumilia. Nisiyoweza kuyanyamazia ni makosa yaliyoingia katika mambo ya moto.

Kosa la kwanza ni la kipimo cha joto. Ukurasa wa 5 unaagiza tanuri liwekwe "nyuzi 700 za Sentigredi". Tanuri lenu lenyewe linaishia 450, kwa hiyo nilizungusha kitufe mpaka mwisho nikidhani kwamba ndivyo inavyotakiwa. Baadaye nilielewa kwamba aliyeandika asili alimaanisha Farenhaiti, na nyuzi 700 za Farenhaiti ni takriban 371 za Sentigredi. Tofauti hiyo si ndogo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Kuipandisha zaidi ya inavyohitajika kunaifanya ioze juu kwa haraka, itoe ganda la kijivu lenye sumu, na kadiri joto linavyozidi ndivyo hatari ya moshi wake inavyoongezeka.

Kosa hilo likazaa la pili. Ukurasa wa 3 unasema malighafi bora ni vile vizito vinavyobanwa kwenye rimu za magurudumu ya gari ili kuyabalansi, nami nilivikusanya kwa mafundi wa matairi, kilo 4 nzima. Hakuna mahali kijitabu kinaposema kwamba vizito vingi vya siku hizi si risasi, bali ni chuma au zinki, na kwamba vya zinki mara nyingi vimegongwa herufi Zn. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419. Kama tanuri langu lingekuwa kwenye 360, vipande vya zinki vingeelea juu vikiwa vigumu nami ningeviopoa kwa upawa. Kwa kuwa lilikuwa kwenye 450, vikayeyuka vikachanganyika na risasi yote. Nilipomimina, madini yalitoka mazito kama uji wa ulezi uliopoa, hayakujaza kalibu, na kila chubwi ilitoka na mikunjo na mashimo. Niliendelea kujilaumu kwa siku 3 kabla ya kujua sababu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ukurasa wa 7 unasema: "Fungua kalibu juu ya ndoo ya maji, risasi idondokee humo, iwe ngumu." Jumamosi ya tarehe 18 Januari, nikiwa na risasi nyingine safi niliyonunua kwa fundi mabomba, nilifanya hivyo hivyo barazani kwangu, na mpwa wangu wa miaka 19 akawa ananisaidia. Ndoo tuliiweka karibu na tanuri kama mchoro wenu unavyoonyesha. Chubwi ya nne ilipodondoka maji yakaruka, na matone mawili au matatu yakaingia katika kalibu iliyokuwa wazi mkononi mwake. Sikuyaona. Aliifunga, nami nikamimina.

Mlio wake ulikuwa kama wa fataki. Maji yanapogeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na tone lililofunikwa na risasi ya nyuzi 400 halina pa kutokea isipokuwa kuirusha risasi yenyewe. Ilirukia dari, ikarukia ukuta, na ikamwagikia kifundo cha mkono wa mpwa wangu juu ya glavu fupi mlizotuletea, ambazo zinaishia pale pale mkono unapoanzia. Mimi nilikuwa nimevaa miwani yangu ya kusomea, kwa kuwa bila hiyo sioni mdomo wa kalibu. Kwenye kioo cha kulia kilibaki kipande chembamba cha risasi, cha ukubwa wa punje ya mchele, kimeganda mbele kabisa ya mboni ya jicho. Nimeitunza miwani hiyo kama ilivyo na picha yake nimeiambatisha. Kijitabu chenu hakitaji miwani popote.

Mpwa wangu alitibiwa majeraha 4 ya moto katika zahanati ya jirani, na mkono wake umepona isipokuwa kovu moja. Namshukuru Mungu kwamba tone halikuingia ndani ya tanuri lenyewe, ambalo lilikuwa na kilo 3 za risasi iliyoyeyuka, maana hapo nisingekuwa naandika habari za kifundo cha mkono.

Na ndoo hiyo haikuwa na kazi yoyote kwetu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli akimimina madini meupe ya beringi, alinieleza kwamba kudondosha katika maji ni desturi ya wapiga shabaha, kwa kuwa risasi ya bunduki yenye mchanganyiko wa antimoni, madini mengine yanayoikaza risasi, huzidi kuwa ngumu ikipoozwa ghafla, na ugumu huo unaisaidia ndani ya mtutu. Chubwi haihitaji ugumu. Ile ya nyavu inatakiwa hata iwe laini, ikunjike kwa koleo kwenye kamba. Mzee huyo alinikataza maji yasikaribie tanuri hata ya kunywa, akanifundisha kuikausha na kuipasha kalibu juu ya ukingo wa tanuri kabla ya kumimina, kuifukiza ndani kwa moshi wa kibatari ili madini yateleze, kutia kipande kidogo cha nta na kukoroga ili uchafu upande juu, na kuitambua kalibu kwa kile inachotoa: chubwi yenye mikunjo maana yake kalibu ni baridi, yenye ukungu mweupe maana yake joto limezidi. Maneno hayo yalichukua nusu saa. Yangeenea katika kurasa 2 za kijitabu chenu, na mkono wa kijana usingeungua.

Kuhusu sumu, kijitabu kiko kimya kabisa, na mchoro wa jalada unaonyesha tanuri likiwa juu ya meza ya jikoni pembeni ya vikombe. Nyumbani kwangu kuna mjukuu wa miaka 3. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Sumu hiyo huja kwa vumbi la lile ganda la kijivu, kwa mikono isiyonawiwa kabla ya kula, kwa nguo za kazi zinazofuliwa pamoja na za watoto, na kwa sufuria inayorudishwa jikoni. Mteja anayeanza hana namna ya kuyajua haya asipoambiwa na aliyemuuzia.

Baya zaidi, nilipowapigia simu tarehe 14 Januari kulalamika juu ya zinki, mhudumu wenu alinishauri nipasue betri kuukuu za magari kwa sababu "risasi ya humo ni ya bure". Nilikataa, na naomba mjue kwa nini. Betri ina asidi kali, na mabamba yake yana mchanganyiko ambao mabaki yake yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi za sumu. Sisi watu wa pwani tunaijua habari ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Haiwezekani kampuni inayouza matanuri ya risasi katika nchi ya jirani iwe haina mfanyakazi hata mmoja anayelijua jambo hilo.

Lipo na suala la kalibu ya pili. Ya kwanza ni ya chubwi kama nilivyoagiza. Ya pili ina matundu 2 yenye umbo la risasi ya bunduki, yaani kitako bapa na ncha ya mviringo, na kipenyo kimechongwa ubavuni. Mimi sina bunduki wala leseni ya kutengeneza risasi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haifanyi mzaha na mambo hayo. Mmeweka kifaa hicho katika nyumba ya mvuvi bila kumwambia. Siku niliyokitambua nilikipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaandikisha kilivyonifikia.

Ninachoomba ni hiki. Kijitabu hicho kiondolewe katika kila seti iliyobaki, na wateja wote waliokwisha kununua wapigiwe simu waambiwe kuhusu ukurasa wa 3, wa 5 na wa 7, kwa sababu namba zetu mnazo kwenye stakabadhi. Kiandikwe kingine kwa Kiswahili cha kazi yenyewe, na kabla hakijachapwa kisomwe na fundi anayemimina madini na mvuvi anayetumia chubwi. Mnirudishie shilingi 46,000 za matibabu ya mpwa wangu, ambazo risiti yake imo humu, na gharama ya glavu ndefu na miwani ya kukinga macho, ambavyo vilipaswa kuwemo tangu mwanzo. Tanuri sitaki kulirudisha; linafanya kazi vizuri, na chubwi nilizomimina kwa maelekezo ya yule mzee ziko baharini sasa hivi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Nisipolipata nitaipeleka barua hii, pamoja na kijitabu na miwani yangu, Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania.

Kalibu ya risasi za bunduki imehifadhiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mtakayemtuma kuichukua aje na barua yenu yenye muhuri, na atasaini katika daftari la mwenyekiti kwamba ameipokea.

Wenu,

Mvuvi na mteja wenu, Tanga