Risala kwa Mgeni Rasmi: Janga Likija, Kikao Kihamishwe, Kisifutwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na mitaa, viongozi wa dini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama wote wa umoja wetu, ninayo heshima kubwa kusoma risala hii mbele yako siku hii ya kufunga mafunzo ya wanachama wapya. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Majukumu yako ni mengi, nasi tunachukua kuja kwako kama ishara kwamba uko tayari kutusikiliza hata pale tutakapodai.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kazi ya umoja wetu ni kuhudhuria vikao vya hadhara vya halmashauri, kusoma mihtasari na bajeti, kisha kuwaeleza wananchi wenzetu kwa lugha ya kawaida nini kimeamuliwa na nini bado kinaweza kubadilishwa. Mafunzo ya safari hii yalihusu jambo moja tu: mwananchi anashiriki vipi katika maamuzi ya serikali iliyo karibu naye zaidi wakati ugonjwa umetanda, mikusanyiko imepigwa marufuku na kila uamuzi unataka haraka.

Jambo hili tumelichagua kwa makusudi wakati huu ambapo hakuna janga. Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na likatangaza mwisho wa dharura hiyo tarehe 5 Mei 2023. Katika miaka hiyo mitatu na ushee, serikali za mitaa katika nchi nyingi zilibeba maamuzi mazito: soko lipi lifungwe, chombo cha abiria kipakie watu wangapi, msiba uhudhuriwe na nani, fedha zilizotengwa kwa barabara zihamishiwe wapi. Haya ni maamuzi yanayomfikia mtu mlangoni kwake. Na ndicho kipindi ambacho mlango wa ukumbi wa baraza ulikuwa miongoni mwa milango ya kwanza kufungwa.

Wapo wanaosema kwamba ushirikishwaji ni kazi ya nyakati za utulivu, kwamba penye janga wananchi watii kwanza, watauliza baadaye. Hoja hiyo tunaielewa, lakini hatuikubali. Amri ya afya hutekelezwa na watu wenyewe, majumbani mwao, mahali ambapo hakuna askari wala mkaguzi. Wasipoielewa au wasipoiamini, haitekelezeki.

Turuhusu tukupeleke Monrovia, Agosti 2014, mlipuko wa Ebola ukiwa umepamba moto. Serikali ya Liberia iliweka kituo cha kuhifadhi wagonjwa ndani ya shule katika kitongoji cha West Point, kipande chembamba cha ardhi kati ya mto na bahari kilichojaa makumi ya maelfu ya watu. Wakazi hawakuulizwa. Habari zikaenea kwamba wagonjwa wanaletwa kutoka sehemu nyingine za jiji. Tarehe 16 Agosti umati ukakivamia kituo. Wagonjwa wakakimbia, magodoro yaliyolaliwa na wagonjwa yakabebwa mabegani. Tarehe 20 wakazi waliamka wakakuta kitongoji kizima kimezingirwa kwa seng'enge na askari wenye silaha. Hawakuwa wameambiwa watakula nini wala watakaa hivyo mpaka lini. Zikazuka vurugu, na kijana wa miaka 15 akafa kwa jeraha la risasi. Siku kumi baadaye zuio likaondolewa.

Wanachama wetu walitumia muda mrefu kuliko tulivyopanga kuijadili habari hii, kwa sababu haikuishia kwenye seng'enge. Viongozi wa mitaa na vijana wa kujitolea, West Point na sehemu nyingine za jiji, walijipanga kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anaumwa, nani amefiwa, nani hana chakula. Mtu ambaye angemficha mgonjwa wake kwa kumwogopa askari, alimtaja kwa jirani anayemfahamu. Ugonjwa ulikuwa uleule na watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni nani anayebisha hodi, na anakuja kuuliza au kuamrisha.

Suala la mazishi lilikwenda vivyo hivyo. Mwezi huohuo wa Agosti iliamriwa kwamba maiti za Monrovia zichomwe moto. Kitabibu amri ilikuwa na sababu zake, maana mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana. Lakini familia ziliona marehemu wao wananyimwa heshima ya mwisho, na baadhi wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika kwa siri. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa kwa kushauriana na taasisi za dini za Kiislamu na Kikristo. Palipokuwa na hatari ya kuosha maiti, mwongozo ulielekeza tayamamu, yaani kutwaharisha kwa udongo badala ya maji. Familia ilipewa nafasi ya kuomba na kushuhudia kaburi likifukiwa. Desemba mwaka huo eneo la makaburi la Disco Hill likafunguliwa nje ya Monrovia. Mheshimiwa, shehe na mchungaji wangeitwa mezani kabla ya amri ya kwanza, pengine amri hiyo isingeandikwa kabisa.

Naomba sasa nieleze zoezi moja la mafunzo yetu. Tuliwapa washiriki tangazo la mfano, la aina inayobandikwa ubaoni, lenye mistari mitatu: soko linafungwa kuanzia kesho saa 12 asubuhi, atakayekaidi atachukuliwa hatua za kisheria, chini yake sahihi na muhuri. Tukawaomba waandike maswali ya mchuuzi anayelisoma tangazo hilo jioni akiwa njiani kurudi nyumbani. Mpaka lini? Bidhaa zilizomo ndani zitatolewa saa ngapi? Ushuru wa mwezi ambao nimeshalipa utahesabiwaje? Nimpigie simu nani? Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza swali ambalo sisi waandaaji hatukuliwazia: choo cha soko ndicho kinachotumiwa na nyumba zote za jirani zisizo na choo, je, nacho kinafungwa? Ukumbi ulinyamaza. Amri ya kuzuia ugonjwa mmoja ilikuwa inafungua njia ya kipindupindu, na aliyeliona hilo hakuwa mtaalamu wa afya, bali mtu anayeishi pale.

Hii ndiyo faida ya kuwauliza watu, Mheshimiwa, nayo haihitaji mkutano wa siku tatu. Tunakiri zipo saa ambazo uamuzi hauwezi kungoja hata jioni. Mgonjwa wa kwanza akithibitishwa, mganga mkuu lazima achukue hatua palepale. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa namna hiyo uwe wa muda mfupi, na urudishwe mbele ya wananchi ndani ya siku chache ukiwa na sababu zake, ili uthibitishwe, urekebishwe au ufutwe. Kanuni za Siracusa za mwaka 1984, zinazotumika duniani kupima vizuizi vya haki za watu wakati wa dharura, zinadai hivyohivyo: kizuizi kiwe cha kisheria, kiwe cha lazima, kilingane na hatari iliyopo, kiwe na kikomo na kiweze kuhojiwa. Na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lile la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilishasema kwamba kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya ni haki na wajibu wa wananchi.

Kuhusu vikao vyenyewe, tulijifunza mengi kutoka Uingereza. Sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 ilihesabu kikao kuwa watu kukutana ana kwa ana. UVIKO-19 ulipoingia, kanuni za muda zilizoanza tarehe 4 Aprili 2020 ziliruhusu mabaraza ya England na Wales kukutana kwa njia ya mtandao. Vikao vikaendelea. Watu wenye ulemavu, wenye kulea watoto wadogo na wanaofanya kazi za zamu, ambao hawakuwa wakifika ukumbini, wakaweza kufuatilia wakiwa nyumbani. Lakini kanuni zilikuwa za muda, na tarehe 7 Mei 2021 ukomo wake ukafika. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamua kwamba bila kanuni hizo, sheria ya 1972 inawataka madiwani wa England wawe mahali pamoja. Mabaraza yale yakalazimika kurudi ukumbini huku ugonjwa ungalipo, wakati Wales na Scotland, zenye sheria zao, ziliendelea na mtandao. Somo tulilolichukua ni kwamba kanuni ya vikao vya dharura huandikwa mapema, na huandikwa ya kudumu.

Hata hivyo, hatutaki mtandao uwe ndio jibu pekee. Mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 3 duniani hawatumii intaneti. Kikao cha mtandaoni peke yake huwaacha nje hao hao ambao amri huwabana zaidi. Redio ya jamii inayorusha kikao moja kwa moja na kupokea simu, gari la matangazo linalopita na kurudi kuchukua majibu, sanduku la maoni kwenye zahanati, mjumbe wa mtaa mwenye orodha ya nyumba zake: hizi ni njia zinazofanya kazi bila kumkusanya mtu yeyote.

Kuna jimbo la Kerala nchini India ambalo lilitufundisha jambo la subira. Tangu mwaka 1996 Kerala ilianza kupeleka sehemu kubwa ya fedha za maendeleo kwenye halmashauri za vijiji na miji na kuwaita wananchi wazipangie matumizi. Mwaka 1998 ukaanzishwa mtandao wa vikundi vya wanawake uitwao Kudumbashree, ambao leo una mamilioni ya wanachama. Machi 2020 India ilipofungwa, halmashauri hizo na vikundi hivyo vilianzisha majiko ya jamii na kuwapelekea chakula waliokwama, wakiwemo vibarua wa kutoka majimbo mengine. Iliwezekana kwa sababu walishazoea kufanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 20.

Fedha nazo zisisahaulike. Wakati wa janga taratibu za manunuzi hulegezwa, na huo ndio wakati wa kuongeza macho, si kuyapunguza. Ukraine iliruhusu mwaka 2020 manunuzi ya dharura yafanyike bila zabuni ya ushindani, lakini ikadai mikataba na bei zake vichapishwe kwenye Prozorro, mfumo wa wazi wa manunuzi ya umma mtandaoni, ambako yeyote aliweza kulinganisha kila hospitali imenunua barakoa kwa bei gani. Nchini Kenya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu ombi la taarifa, lakini taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo unashuka mpaka saa 48. Sisi tunaiona hii kuwa ni busara kubwa: kadiri hatari inavyopanda, ndivyo jibu linavyotakiwa mapema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, baada ya maelezo hayo tunayo maombi, na tunaomba uyachukue kama kazi yetu sote.

Ombi letu la kwanza, na ndilo tunalolisimamia kuliko mengine, ni baraza lako lirekebishe kanuni zake za vikao katika kipindi hiki cha uongozi, ziseme wazi kwamba mikusanyiko ikizuiwa, kikao cha hadhara kitahamishiwa kwenye redio, simu au mtandao, na hakitafutwa. Kanuni hizo zieleze mwananchi atauliza swali kwa njia gani na atajibiwa lini. Tukisubiri janga lijalo, zitaandikwa usiku na watu wawili.

Pamoja na hilo, tunaomba kila tangazo la dharura la halmashauri lionyeshe sababu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma au kupitiwa upya, jina la ofisi iliyoamua na namba ya simu inayopokelewa. Karatasi ileile ya mistari mitatu inatosha kubeba yote hayo ikiwa mistari minane.

Tunaomba pia kamati za dharura za kata ziundwe sasa, ziwe na wachuuzi, madereva, watu wenye ulemavu, viongozi wa dini, wanawake na vijana waliochaguliwa na wenzao, wasiwe wamependekezwa na ofisi. Na manunuzi yote ya dharura yabandikwe ubaoni: kilichonunuliwa, kwa nani, kwa bei gani, kimepelekwa wapi.

Kwa upande wetu, hatukuja mikono mitupu. Umoja unao wanachama waliofundishwa katika kila mtaa. Tuko tayari kusoma matangazo kwa wasioweza kusoma, kukusanya maswali na kuyafikisha kwa mtendaji siku hiyohiyo, na kusaidia kuandaa rasimu ya kanuni tulizoziomba. Rasimu ya awali tumeiambatisha na risala hii, na katibu wetu yuko tayari kuja ofisini kwako siku utakayotupangia.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.