Shukrani kwa mpiga gitaa aliyenifungia hambaka

Ndugu yangu, jina lako nalihifadhi kama ulivyotaka, lakini wema wako nautangaza.

Gitaa langu la umeme lilikuwa na sauti hafifu. Nikipandisha gaini (kiwango cha kukuza sauti) kwenye amplifaya, mvumo unafunika noti. Nilitaka hambaka yenye nguvu, yaani kile kifaa chenye sumaku na koili mbili za waya kinachonasa mtetemo wa nyuzi, na kila niliyoiona ilisifiwa kwa kilo-omu zake, kipimo cha ukinzani wa umeme. Ukanieleza kwa subira kwamba kipimo hicho peke yake hakitoshi: waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata mizunguko ya waya kwenye koili isipoongezeka, na aina ya sumaku nayo ina sehemu yake. Uliniuliza kwanza napiga muziki gani, ndipo ukachagua ya sumaku ya seramiki.

Kisha ukashika chuma cha kulehemu. Ulipima potenshiomita (vidhibiti vya sauti na toni), ukakuta za kilo-omu 250, ukaweka za 500 ili sauti za juu zisififie. Kati ya waya nne za koili, mbili uliziunganisha pamoja, moja ukaipeleka kwenye swichi, ya mwisho ardhini. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hukuishia hapo. Ulipowasha hambaka mpya pamoja na ile iliyo karibu na shingo ya gitaa, sauti ilikonda. Ukajua mawimbi yake yanapingana, ukabadilishana waya wa swichi na wa ardhi, sauti ikajaa. Ukaishusha kidogo pia, maana sumaku ikikaribia nyuzi mno huzivuta.

Hukupokea hata senti. Asante sana. Mafundi wenzake, mkiombwa msaada, elezeni kila hatua kama alivyofanya yeye.