Mke wangu ameitwa jukwaani akiwa na miaka 57, nami nimemvunja moyo

Shangazi, shikamoo. Nanyi wasomaji mnaojibu barua hizi, salamu kutoka Chicago.

Najua barua nyingi zinazokufikia ni za vijana. Mimi nina miaka 61, kwetu ni Majengo, Mombasa, na huku nimeishi tangu 1996. Mke wangu ana miaka 57, mzaliwa wa Ponce, Puerto Rico. (Watu humuuliza alipataje makaratasi, ilhali watu wa kisiwa chao ni raia wa Marekani tangu 1917. Aliyehangaikia makaratasi ni mimi.) Tumeoana miaka 23.

Kazi yake ni ukalimani hospitalini, Kihispania na Kiingereza. Pengine hamjui kazi hiyo inavyofanywa. Mkalimani hasemi "mgonjwa anasema anaumwa tumbo". Husema "naumwa tumbo", kana kwamba tumbo ni lake. Mama akiambiwa mimba imeharibika, mke wangu ndiye hutamka mbele ya daktari, "Jana tu nilimsikia akicheza." Amefanya hivyo miaka 19, kisha anarudi nyumbani anapika, wala hawezi kunisimulia chochote kwa sababu siri ya mgonjwa haitoki nje.

Alipofika miaka 53 alijiandikisha katika darasa la jioni la uigizaji huko Humboldt Park, mtaa wa watu wa kwao. Nilidhani anatafuta pumziko. Mwaka wa pili akapata uhusika mdogo katika ukumbi usiozidi viti 50, moja ya zile kumbi ndogo za Chicago ambazo zamani zilikuwa maduka. Nilikaa safu ya pili. Alipoingia sikumtambua. Mtu ninayezijua hatua zake hata gizani, nilimtazama kama mgeni mpaka alipoinua uso. Nililia, na sioni haya kulisema hilo.

Tangu siku hiyo nikawa mwenzake wa mazoezi. Mimi ni dereva wa teksi, zamu ya usiku. Nikiingia alfajiri namkuta ameshaweka kahawa na skripti mezani, nami nasoma maneno ya wahusika wengine wote, kwa Kihispania alichonifundisha mwenyewe. Saa zile zimekuwa tamu kuliko zote katika ndoa yetu.

Mwezi uliopita aliitwa mara mbili katika wiki moja. Kwanza ni tangazo la televisheni. Usaili alijirekodi sebuleni, mimi nikiwa nimeshika simu. Mtumishi wa nyumbani anafungua mlango na kusema sentensi moja. Kazi ya siku moja, malipo mazuri. Wakamrudishia ujumbe kwamba wanampenda, ila arudie na lafudhi iwe nzito zaidi. Pili ni uhusika mkuu katika tamthilia ya Federico García Lorca, mwandishi wa Uhispania, ile ambayo jukwaani haonekani mwanamume hata mmoja, na mwenye nyumba ni mjane wa miaka 60 anayewafungia binti zake watano ndani. Itachezwa kwa Kihispania. Malipo ni posho ambayo haifikii hata mafuta ya gari ya miezi miwili.

Alikataa tangazo. Nami nikamwambia mezani, watoto wakisikia: "Kwa umri wako, chukua kinachopatikana."

Hakunijibu. Aliinuka akaenda kusimama mbele ya friji, mahali alipobandika picha ya Lupe Ontiveros. Huyo mama alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla ya kuwa mwigizaji, na hadi alipofariki 2012 alikuwa akisema amecheza mtumishi wa nyumbani mara zisizopungua 150. Mke wangu alinisimulia habari zake tulipokuwa wachumba. Nilijua picha ile ina maana gani kwake, na bado nililitamka neno lile.

Tangu siku hiyo hanipi skripti. Anafanya mazoezi ndani ya gari, vioo vimefungwa. Namwona kutoka dirishani midomo ikicheza.

Sasa nieleze hofu ambayo sijamwambia yeye. Nina kisukari, nadunga insulini mara nne kwa siku, na bima ya afya inayonilipia ni ya kazi yake. Teksi haina bima. Tamthilia itakuwa na maonyesho ya asubuhi kwa wanafunzi, na usaili mwingine huja mchana kwa taarifa ya siku moja, kwa hiyo anataka kupunguza saa zake hospitalini ziwe nusu. Mfanyakazi wa nusu hapewi bima pale. Sheria inaruhusu kuendelea na ileile kwa miezi 18, lakini utalipa gharama yote, pamoja na sehemu iliyokuwa ya mwajiri. Bima ya serikali ya wazee nitaipata nikifika 65. Ni miaka minne. Yeye bado minane.

Chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, kina mfuko wa bima, lakini lazima utimize wiki kadhaa za kazi zenye mkataba wa chama. Tena ukishajiunga huruhusiwi kuigiza kwenye kumbi zisizo na mkataba huo, na hizo ndogo ndizo zinazomwita. Yeye haya yote anayajua. Asichokijua ni kwamba usiku nikisubiri abiria nahesabu kalamu za insulini zilizobaki kwenye friji.

Shangazi, naogopa kufungua mdomo. Nikimwambia, ataacha tamthilia siku hiyohiyo. Namjua. Atarudi kwenye saa zake zote, hatalalamika hata mara moja, na maradhi yangu yatakuwa ndiyo yaliyomfungia mlango. Nikinyamaza, ataendelea kuamini kwamba mumewe anamwona amezeeka, hali nilimwona jukwaani na sijawahi kumwona mzima vile.

Kuna kazi ya kuendesha basi la shule, ina bima, lakini nahitaji leseni nyingine na mafunzo ya wiki kadhaa. Niiombe kwanza, kimyakimya, halafu ndipo nimweleze? Au kumficha hilo pia ni kosa la pili juu ya la kwanza? Na lile neno la mezani, nililolisema mbele ya watoto, linaombewa radhi vipi kwa mtu ambaye miaka 19 amebeba maneno mazito ya watu wengine?

Ana siku hadi mwisho wa mwezi kumjibu msimamizi wake wa hospitalini. Mazoezi yanaanza Jumatatu inayofuata. Naomba mnijibu mapema.

Ni mimi,
Baba wa Majengo, Chicago