Barua kwa mwanangu: neno lisilo na baba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Kisauni hatujambo, nyanyako maumivu ya goti yamepungua na anakusalimu sana. Insha yako ya jinsi watu wanavyovutwa kwa maneno, zamani na sasa mtandaoni, niliipata Jumatano, na ahsante kwa kunifasiria. Niliisoma dukani wakati wa jua kali, wateja hakuna, kisha nikairudia usiku.

Umemweleza vizuri yule Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, na njia zake tatu za kumvuta msikilizaji: hoja, hisia, na tabia ya msemaji. Halafu ukasema mtandaoni hisia zimezimeza hizo mbili nyingine. Hapo sikubaliani nawe, mama. Hisia hazikuzaliwa na simu. Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa papa hapa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, akiwachoma watu wa Lamu kwa mashairi, na Zahidi Mngumi akimrudishia kutoka huko Lamu. Mle kuna hasira, kejeli na majivuno, vyote. Lakini shairi lilijibiwa kwa shairi. Aliyetaka kumjibu Muyaka ilimlazimu kwanza alisikie lote, alishike, ndipo akae atunge lake kwa vina na mizani.

Umetaja pia kwamba Warumi walihesabu kumbukumbu kuwa moja ya kazi tano za mnenaji, ukaipita kwa sentensi moja. Usiipite. Muyaka alifariki 1840, na mengi katika mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu wa mji huu miaka na miaka, mpaka Mwalimu Sikujua aliposhirikiana na Mzungu Taylor kuyakusanya. Kitabu kilichapwa 1940. Shairi la vina halikatiki ovyo. Ukilinyofoa kipande, wasikilizaji wanajua pengo liko wapi.

Lakini ujumbe wangu wa sauti kwenye simu ulikatwa. Sikukwambia wakati ule kwa kuwa ulikuwa na mitihani. Katika kikundi chetu cha akina mama tulikuwa tukipanga mchango wa harusi, nami nikarekodi ujumbe mrefu kidogo: kwamba mimi sitachanga mpaka tumuulize bibi harusi mwenyewe anahitaji nini, tusije tukamjazia sufuria asizozitaka. Mtu akakata pale penye "mimi sitachanga", akasambaza. Hadi magharibi kipande hicho kilikuwa kimefika kwa watu nisiowajua. Mamake bibi harusi akanipita njiani pasi na salamu. Nikaandika maelezo, nayo yakasomwa kama visingizio. Mwisho nilijifunga buibui nikaenda kwake kwa miguu, nikaketi naye ukumbini, nikamwambia yote tangu mwanzo. Aliniuliza maswali manne. Kwenye la nne tulilia sote wawili.

Ndiyo maana ile sehemu ya insha yako inayohusu kitabu cha Plato, kile cha mazungumzo ya Socrates na Phaedrus, ilinishika. Yule kijana Phaedrus anaificha karatasi ya hotuba ya mtu mwingine chini ya vazi lake, na Socrates anaiona. Halafu wanazungumza mpaka Socrates anasema maandishi ni kama picha: ukiyauliza, yananyamaza. Yanazunguka kwa anayeelewa na asiyehusika, yakionewa hayana la kufanya, yanamhitaji baba yao aje kuyatetea. Mwanangu, niliiweka simu chini nikatulia. Mtu aliyeishi Athens zaidi ya miaka 2,300 iliyopita ameeleza yaliyonikuta mimi.

Kwa hiyo naona ungeuanza uchambuzi wako hapo, kwenye neno lililoachana na mwenyewe, ndipo uje kwenye hisia. Na yule Aristotle wako anakusaidia. Umeandika mwenyewe kwamba kwake imani kwa msemaji yapasa itokane na maneno anayoyasema pale pale, si sifa aliyokuja nayo. Sasa tazama mtandaoni: mtu anaaminiwa kwa idadi ya wafuasi kabla hajafungua kinywa. Jambo hilo umelitaja mara moja tu, na mimi naliona zito kuliko kurasa zako mbili za picha za kuchekesha.

Nikupe mfano wa kazi yangu, ukikufaa utumie. Mwanamke akija dukani kwangu kununua doti ya leso, hashughuliki na rangi peke yake. Anaikunjua leso juu ya meza, anautafuta mstari ulio juu ya pindo la chini, anasoma jina akichezesha midomo. Wiki jana alikuja mmoja, akaipenda sana moja ya zambarau iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye siye". Aliishika muda mrefu. Kisha akairudisha, akasema, "Nikiivaa hii, wifi yangu atajua ni yeye." Akachukua nyingine, rangi hakuipenda sana. Alikuwa akimwona wifi yake mbele yake pale dukani. Leso ina maneno machache kuliko ujumbe wowote wa simu, lakini inatembea na mwenye kuivaa, na ukitaka kumuuliza yuko hapo ndani yake.

Nimekutumia viazi vya karai na achari kwa basi la usiku, uvipokee asubuhi mapema visiharibike. Ukija likizo, njoo na insha. Nataka unisomee kwa sauti barazani, nyanyako naye asikie, maana pale ukurasa wa tatu nina maswali na karatasi hainijibu.

Mamako akupendaye.